Maharage ni nafuu, lakini moto wake je?

Kila bei ya nyama na samaki inapopanda, ushauri unaotolewa kwa familia za kipato kidogo huwa ni ule ule: nunueni maharage. Ushauri huu una msingi, lakini mara nyingi hutolewa kana kwamba maharage hutoka kwenye mzani wa muuzaji yakaingia moja kwa moja katika sahani. Mama anayewapikia watu sita katika nyumba ya kupanga, Manzese au Tandika jijini Dar es Salaam, anajua kwamba katikati ya mzani na sahani kuna moto. Kama ana jiko moja la mkaa, na mkaa wenyewe anaununua kwa kopo, atakuambia bila kusita kwamba maharage ni chakula cha gharama. Wanaomcheka hawajapiga hesabu. Hata hivyo hesabu yake yeye nayo, kwa maoni yangu, ina mahali inapovuja.

Wanaoyasifu maharage wana hoja nzito. Kilo moja ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200 za protini, na ikiiva hufikia kilo mbili na nusu hivi kwa sababu punje hunywa maji. Nusu kilo, ikiachiwa mchuzi wa kutosha, huwatosha watu sita kwa ugali au wali, na protini inayopatikana humo inakaribia ile ya nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, ambayo bei yake buchani haikaribiani kabisa na ya maharage. Ni kweli kwamba protini ya nyama ni kamili zaidi, lakini hapa ndipo ugali unapoingia. Protini huundwa na asidi za amino: mahindi yana upungufu wa mojawapo, laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yana upungufu wa nyingine, methionini, ambayo mahindi huijazia. Waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini walifika mahali hapo hapo. Ongeza shibe yenyewe: mtoto aliyekula maharage saa moja jioni harudi saa nne kuuliza kama kuna kiporo.

Sasa tumsikilize mama wa Manzese. Tuchukue mfano tu, na msomaji aweke bei za soko lake: kilo ya maharage ni shilingi 3,000 na kopo la mkaa ni shilingi 1,500. Nusu kilo ya maharage basi ni shilingi 1,500. Kama hayakulowekwa, na kama yalikaa ghalani msimu mzima, yanaweza kukaa motoni saa mbili na nusu, na katika jiko la bati lisilo na udongo ndani muda huo unaweza kumaliza kopo zima. Moto umelingana bei na chakula. Chungu cha dagaa, kwa upande mwingine, hakihitaji nusu saa, na choroko huiva chini ya saa moja bila hata kulowekwa. Ukiweka moto ndani ya hesabu, chakula kilichoonekana ghali dukani kinaweza kuyashinda maharage, na mtu aliyeng'ang'ania bei ya kilo peke yake hatauona ukweli huo.

Soko lenyewe linamuunga mkono. Maharage ya njano kwa kawaida huuzwa ghali kuliko mengi ya rangi nyingine, na mojawapo ya sifa ambazo wanunuzi huzitaja ni kwamba huiva upesi. Mnunuzi anayelipa nyongeza hiyo hanunui rangi. Ananunua dakika za mkaa asizozichoma. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya aina na aina ni, kwa sehemu fulani, bei ya moto iliyohamishiwa kwenye mzani, na wakati mwingine yale ya bei ya chini ndiyo yanayokula zaidi mfukoni.

Hesabu yake inavujia wapi? Kwanza, anayatoza maharage moto wote, ilhali jiko likishawashwa huwa halifanyi kazi moja. Makaa yaliyobaki husonga ugali, huchemsha chai na maji ya kuoga mtoto. Aidha, mkaa mwingi huteketea bure baada ya maji kuanza kuchemka, kwa sababu maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena hata ukipuliza mpaka cheche ziruke. Kinachoongezeka ni mvuke na maji ya kuongeza. Sufuria iliyofunikwa vizuri juu ya makaa machache huivisha kwa kasi karibu ile ile. (Wakazi wa Mbeya wana haki ya kulalamika zaidi: kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au zaidi kidogo, na maharage ya huko hukawia bila kosa la mpishi.)

Pili, saa mbili na nusu si sheria. Maharage ya zamani, hasa yaliyotunzwa mahali penye joto na unyevu kama Pwani, huwa magumu kuiva hata yakilowekwa, kwa hiyo ni bora kumuuliza muuzaji ni ya msimu upi kuliko kumuomba apunguze shilingi mia. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi huyachelewesha, na vivyo hivyo nyanya, ndimu au ukwaju vikitiwa kabla punje hazijalainika. Kuloweka usiku kucha kunaweza kupunguza muda wa moto kwa theluthi hadi nusu, na hakugharimu kitu zaidi ya kukumbuka. Nasema kukumbuka kwa makusudi, kwa sababu anayerudi nyumbani saa mbili usiku akiwa amebeba fedha ya siku hiyo tu hawezi kuloweka maharage ya kesho ambayo bado hajayanunua. Ushauri wa kuloweka humdhania msikilizaji kuwa ana fedha ya kesho leo.

Magadi ndiyo njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia, na hapa sikubaliani na wanaoikataza moja kwa moja, wala na wanaoitumia kila siku. Magadi hulainisha ganda na kuokoa mkaa, lakini huharibu vitamini B1 na, yakizidi, huacha ladha ya sabuni na rangi iliyokolea. Kwa familia inayokula sembe, ambayo sehemu kubwa ya vitamini hiyo ilishapotea ilipokobolewa mashineni, kuipoteza tena ndani ya maharage ni hasara ya kweli. Katika nyumba inayokula dona hasara hiyo ni ndogo zaidi.

Mahali pasipofaa kubana mkaa ni mwanzoni mwa uchemshaji. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya kundi la lektini, ambayo huleta kutapika na kuharisha. Sumu hiyo huondolewa na mchemko wa nguvu usiopungua dakika 10, na wengine hushauri nusu saa, wala si joto la vuguvugu la muda mrefu. Maji ya kulowekea yamwagwe. Baada ya mchemko huo ndipo mtu anaweza kuitoa sufuria motoni, kuifunika na kuizungushia mablanketi ndani ya kapu, kisha kuiacha iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe. Njia hii haina gharama na nashangaa kwamba haijaenea, ingawa inataka mtu wa kuanza mapema na kuichemsha tena kabla ya kula.

Wapo wanaosema dawa ni kupika mengi mara moja, kilo nzima kwa siku mbili au tatu. Kwa hesabu ya moto wako sahihi, maana sufuria kubwa haihitaji mkaa maradufu. Lakini bila friji, katika joto la Dar es Salaam, maharage yaliyoungwa kwa nazi huchacha kabla ya kesho mchana. Anayetaka kuyalaza na ayachemshe kwa maji tu, achote ya leo kwa upawa safi na kuyaunga pembeni, kisha yaliyobaki yachemshwe upya usiku na tena asubuhi. Kila uchemshaji huo nao una mkaa wake, kwa hiyo faida inabaki kwa siku ya pili. Ya tatu siitetei.

Njia nyingine ya kugawana moto ni kumwachia mtu mwingine aupike. Katika mitaa mingi ya Nairobi wanawake huchemsha githeri, yaani makande ya Kenya, katika masufuria makubwa na kuiuza kwa kikombe, na mnunuzi hubakiwa na kazi ya kukaanga kitunguu na nyanya tu. Kwa kila kikombe analipa zaidi ya bei ya nafaka kavu, lakini sufuria ya watu hamsini hutumia moto mdogo kwa kila mlaji kuliko jiko la nyumba moja, na sehemu ya nafuu hiyo humfikia. Anachopoteza ni kujua kama ndani mmetiwa magadi, na kiasi gani.

Kisha kuna umeme. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia nishati hiyo ifikapo 2034, na kwa upande wa maharage hesabu yake inavutia kweli. Jiko la presha la umeme lenye nguvu ya wati 1,000 haliwezi kula zaidi ya uniti moja kwa saa, na kwa kawaida hula pungufu kwa kuwa hujizima likishapata presha. Mteja wa daraja la D1 la TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Sufuria ya maharage kwa shilingi mia na kidogo haina mshindani sokoni, si mkaa wala gesi.

Tatizo ni nani aliye ndani ya D1. Nyumba yenye wapangaji sita wanaochangia mita moja ya LUKU huvuka uniti 75 kabla mwezi haujafika katikati, na kila uniti inayozidi katika daraja hilo hutozwa shilingi 350. Mwenye nyumba kwa sababu hiyo hupiga marufuku jiko la umeme, na wapangaji wengine humuunga mkono kwa kuwa bili ni ya wote. Jiko lenyewe hununuliwa kwa mkupuo, kama mtungi wa gesi unavyojazwa kwa mkupuo, ilhali mkaa huuzwa kwa kopo kila jioni kwa fedha iliyopatikana mchana. Mkaa hauwashindi wapinzani wake kwa bei. Unawashinda kwa kukubali kununuliwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo, kwa mwenye mita yake, sioni sababu ya kutopika maharage hata mara nne kwa wiki. Kwa mpangaji wa mita ya pamoja ningesema choroko na dagaa siku za kazi, na maharage Jumapili, kilo nzima, yakiwa yamelowekwa tangu Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo jiko huwaka mchana kutwa kwa ajili ya maji ya kufulia.