Mavazi Rasmi, Kwa Hiari

Karatasi ya safari yetu ya meli ilisema hivi: jioni ya pili na ya sita, mavazi rasmi, kwa hiari. Mimi nikasoma hiari. Mke wangu akasoma mavazi rasmi. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, bado hatujawahi kusoma karatasi moja.

"Baba watoto, hiari ni ya wasio na wake," akasema, na mjadala ukafungwa kabla haujafunguliwa.

Waliosema hiari yashinda utumwa naamini hawakuwahi kupanda meli ya kitalii. Hebu fikiria. Mtu umejinyima, umeweka akiba, umepanda meli yenye mabwawa ya kuogelea, viti vya kulalia juani na aiskrimu mchana kutwa. Umekwenda kupumzika. Siku ya pili tu, jua halijazama sawasawa, unaambiwa ukavae kama unakwenda kuapishwa uwaziri. Nikitaka kuvaa tai si ningebaki kazini? Kule angalau wananilipa.

Shemeji yangu mmoja, aliyepanda meli hizi mara tatu na kwa hiyo ni profesa wa bahari zote, alikuja nyumbani kunielimisha. Hatukumwita. Akasema safari ya usiku saba huwa na usiku rasmi mmoja au mbili, na mara nyingi huangukia siku ambayo meli haitii nanga popote, ili watu wapate nafasi ya kujipamba. Akasema zamani, enzi za meli kubwa za kuvuka Atlantiki, usiku wa kwanza na wa mwisho watu hawakuvaa rasmi, kwa sababu masanduku yalikuwa hayajafunguliwa au yameshafungwa. Hapo nikaona wazee wale walikuwa na utu. Nikapendekeza na mimi nisifungue begi safari nzima. Shemeji akamtazama dada yake kwa macho ya pole.

Mwanamume, akaendelea, suti nyeusi na tai vinatosha. Ukitaka kupaa zaidi, tuksido, ile suti nyeusi ya jioni yenye kola inayong'aa. Mwanamke, gauni refu au chochote cha jioni kinachometameta. Marufuku ni pensi, malapa, fulana zisizo na mikono na kofia za kapelo. Yaani nguo zangu zote.

Nikaenda kuisoma hiyo tuksido, nijue adui yangu ametokea wapi. Nilichokuta kilinikosesha usingizi. Mwaka 1865, fundi wa London aitwaye Henry Poole alimshonea mwana wa malkia wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa mfalme Edward wa Saba, koti fupi la kulia chakula nyumbani kwake shamba. Alikuwa amechoka na makoti ya jioni yenye mikia mirefu. Alitaka kukaa, kula, kujinyoosha. Baadaye Wamarekani wakalivaa kwenye klabu ya Tuxedo Park, karibu na New York, jina likabaki hapo. Mmeelewa lakini? Ile ilikuwa nguo ya kustarehe! Ilikuwa pajama ya mtoto wa malkia! Yeye aliivaa ili apumue, na mimi leo nanyimwa chakula kwa kutoivaa. Nateswa kwa nguo ya mapumziko ya mtu mwingine.

Nikamwambia mama watoto tubadilishe meli. Nilikuwa na hoja, nimeziandika kabisa. Norwegian Cruise Line tangu mwaka 2000 waliondoa ulazima wa kuvaa rasmi, mtu anakula anavyojisikia. Celebrity Cruises mwaka 2015 walizifuta zile jioni rasmi, wakaweka jioni za kupendeza tu, hata koti si lazima. Dunia inakwenda mbele, mke wangu, twende nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingenishtua mapema kama ningekuwa na akili. Kisha akauliza, "Na gauni nililoshona nitalivalia wapi, jikoni?" Akaongeza kwamba kama nina maneno mengi atatuhamishia kampuni ya Cunard, kwenye meli yao Queen Mary 2, ambako kuanzia saa kumi na mbili jioni kuna kanuni ya mavazi, na usiku wa gala usipovaa unabakiwa na pembe chache tu za kukaa. Nikakunja karatasi yangu ya hoja. Mtu mzima hujua anapokuwa amepata nafuu.

Sasa suti. Ninayo moja, ile ya harusi, na haina kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi. Koti linaingia likibembelezwa, lakini kifungo cha suruali na tundu lake waliachana zamani, na kila mmoja ameshaanza maisha mapya. Shemeji, profesa, akaja na dawa: kamarbandi. Ule mkanda mpana wa kitambaa wenye mikunjo unaozungushwa tumboni juu ya suruali. Jina la Kiajemi, akasema, kamar ni kiuno, band ni kufunga. Mikunjo yake hutazama juu, na wapo wanaosema ni ya kudakia makombo. Akaniazima na tai ya kipepeo ya kubana, maana ya kufunga mwenyewe inataka mtu aliyesomea. Nikavaa, nikajitazama. Kifungo kilichoachana hakionekani. Kwa mara ya kwanza nikamheshimu shemeji.

Mengine yote melini yamepangwa ili usiweze kuvaa suti. Anayekutaka uwe nadhifu ndiye huyohuyo anayekunyang'anya pasi. Sheria iko wazi: pasi hairuhusiwi kabini, wala kile chombo cha mvuke cha kunyooshea nguo. Moto melini si mchezo, huna pa kukimbilia isipokuwa majini. Hilo nalielewa, likipigiwa kura nitaliunga mkono. Asiyelielewa ni mama watoto, aliyeviringisha pasi ndani ya taulo, taulo ndani ya sweta, sweta ndani ya begi. Begi langu.

Mabegi yote hupita kwenye mashine ya eksirei kabla ya kupandishwa. Jioni ya kwanza mabegi ya majirani yalikuwa milangoni yote, langu halipo. Ukaja ujumbe: teremka kwa walinzi. Kuna chumba kule chini ambacho wasafiri wazoefu hukiita chumba cha watoto watukutu, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya chakula. Wa mbele yangu kakamatwa na birika la umeme. Wa nyuma yangu alijaza pombe kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia, na alikuwa akieleza kwa nini ana chupa sita na mdomo mmoja. Ikafika zamu yangu. Mlinzi akaiinua pasi juu, watu wote waione. "Hii ni yako?" Nikasema ndiyo. Mwanamume hamtaji mkewe mbele ya vyombo vya dola. Wakaniandikia risiti, nitaichukua safari ikiisha, wakati suti haina kazi tena.

Shemeji alikuwa ametuachia na dawa ya makunyanzi: tundika suti bafuni, fungulia maji ya moto, mvuke utainyoosha. Profesa hakusema bafu la kabini lina ukubwa gani. Ukipiga chafya unagonga kuta tatu. Pazia lake linakugandia mwilini kama mdai. Nilisimama humo na suti yangu dakika kumi, tunatazamana kama watu wawili waliokwama kwenye lifti. Mabegani ilinyooka kweli. Magotini ililowa chapachapa. Pa kuianika hapakuwa, maana kabati lilikuwa na maboya ya kujiokolea, kisanduku cha chuma cha kufungia vitu vya thamani, na magauni matatu. Kuta za kabini ni za chuma, na wajanja huja na ndoano za sumaku wakatundika hadi soksi. Mimi niliishikilia suti mkononi mbele ya kiyoyozi, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Saa kumi na moja na nusu jioni nikainama kutafuta viatu vyangu vyeusi.

"Nilivitoa," akasema mama watoto, akiwa kwenye kioo. "Kiwanja cha ndege begi lilizidi kilo 23."

"Ukatoa vyangu? Wewe una jozi nne!"

"Vyangu kila kimoja kina shughuli yake."

Nilichokuwa nacho ni raba. Nyeupe, zenye mistari ya kijani kibichi, za kukimbilia, ingawa hazijawahi kukimbia. Malapa yalitajwa kwenye marufuku, raba hazikutajwa, kwa hiyo kisheria nilikuwa salama. Kwenye kioo ilikuwa kesi nyingine. Suti nyeusi, tai ya kipepeo, kamarbandi, halafu kule chini nyati kakanyaga chokaa.

Nikasema, kwa upole, kwamba ghorofa ya juu kuna mgahawa wa kujipakulia, mtu anaingia hata na pensi, chakula ni kilekile.

"Nenda," akasema. "Wenzetu wa mezani wakiuliza, nitawaambia nimefiwa."

Tukatoka. Na lazima niseme, kwa sababu mimi si mtu wa kunyima haki: alipendeza. Gauni la bluu lenye kumetameta, mkia unaburuta nyuma, na mchuchumio wa urefu wa kisu cha mkate. Tatizo ni kwamba meli, hata hizi kubwa zenye mapezi ya kupunguza kuyumba, bado ni chombo cha majini. Ikiinama kidogo tu, kundi zima la wanawake waliopendeza huenda kushoto kwa pamoja, likarudi kulia kwa pamoja. Mimi na raba zangu nilikuwa nimesimama kama nguzo. Mama watoto alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona tangu kanisani.

Halafu wapiga picha. Usiku rasmi wanakutegea kila kona na mapazia yao yaliyochorwa. Letu lilichorwa ngazi za kifahari. Ngazi zenyewe halisi, za marumaru na shaba, zilikuwa hatua kumi nyuma ya pazia. Sikuuliza. Nilichouliza ni kama picha inaweza kuanzia kifuani kwenda juu.

"Mpaka chini," mama watoto akamwambia kijana. "Nataka mkia wa gauni uonekane."

Nikauvuta ule mkia kwa mguu, taratibu, ukafunika raba moja. Ya pili ikabaki nje inamulikwa. Na picha hizo kesho yake hutundikwa ukumbini, abiria wote wapite watazame, ndipo uuziwe aibu yako mwenyewe. Usiponunua inabaki palepale.

Mezani tulikuwa wanane. Nilimshukuru aliyebuni kitambaa cha meza kirefu. Nikaingiza miguu chini haraka, nikawa mtu kamili, balozi kuanzia tumboni kwenda juu. Kulia kwangu alikaa bwana mmoja wa makamo, tuksido inayong'aa kwenye kola, tai amefunga mwenyewe kwa mkono, shati halina vifungo vya kawaida bali vile vijiwe vyeusi vya kupachika. Hakuna kunyanzi hata moja. Yeye pasi yake aliipitisha wapi? Nilimchukia kabla hatujaletewa mkate.

Kambakoche alipokuja nikasahau chuki. Ila kambakoche na kamarbandi hawapatani. Kila tonge lilikuwa na gharama. Tonge la saba, kitambaa changu cha mapajani kikateleza kikaanguka. Nikainama kukiokota, nikasikia kitu kikikatika kiunoni, nikaamua kubaki hukohuko chini nitafakari.

Jamani, chini ya meza ni nchi nyingine. Juu kule watu walikuwa wanasema "tafadhali" na "baada yako". Huku chini hakukuwa na serikali. Michuchumio ilikuwa imelala ubavu, inabingirika taratibu kadiri meli inavyoyumba, cha mmoja kimeshafika kwa mwingine. Vidole vimetandazwa vinapunga hewa. Mzee wa upande wa pili amevua viatu na soksi, kazikunja soksi vizuri ndani ya kiatu kama mtu aliyepanga kulala. Nikageuka kulia, kwa bwana tuksido. Raba. Za kijivu, kuukuu, moja imefungwa kwa kamba ya kahawia.

Nikapigwa teke la bega. Mguu mtupu, nikautambua, ndio unaoniamsha kwa lawama kila asubuhi kitandani. Nikapanda juu na kitambaa changu. Bwana tuksido alikuwa akinitazama, alishajua nimeona. Akateremsha macho pole pole mpaka usawa wa miguu yangu, akainua kitambaa cha meza kwa kidole kimoja, akachungulia, akakirudisha. Akanyanyua glasi yake. Nikanyanyua yangu. Hatukusemezana neno usiku kucha, na ndiye rafiki yangu mkubwa katika safari ile.

Tuliondoka wa mwisho, maana mama watoto alikuwa anakitafuta kiatu cha kushoto. Kilipatikana kwa mzee wa soksi. Hakukivaa. Tulipofika kwenye korido ile ndefu ya kurudi kabini alikuwa peku, gauni amelikunja mkononi, mkono mwingine ameniegemea. Mimi nimebeba michuchumio miwili kwa kisigino, tai ya kipepeo imehamia sikioni, na kamarbandi nimeishika kwa mkono wa pili isituache na suruali. Meli ikayumba, tukaenda ukutani, tukarudi.

Kwenye kona akachomoza yule kijana wa kamera, tabasamu palepale. "Moja ya mwisho, waheshimiwa?"

Mama watoto akanitazama mimi, akajitazama vidole vya miguu.

"Piga," akasema, "lakini anzia kifuani."