Mvua ya Kistari

Mwezi wa saba Mbeya hatubishani kuhusu hali ya hewa. Ni baridi, vumbi, na jua la kuangalia tu. Ukimsalimia mtu asubuhi Uyole, hutoka moshi kwanza, "marahaba" baadaye. Ndiyo maana aibu yangu haikuwa na pa kujificha.

Wakulima wa viazi walinipa kazi iliyoonekana nyepesi. Kila alfajiri skripti yangu, yaani programu fupi, iite API ya hali ya hewa, ichukue utabiri wa kila kijiji, iumwage kwenye kanzidata (ghala la data) iliyoko kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali za mtandaoni, halafu meseji ziwafikie kwenye simu. API, kwa asiyeijua, ni kama dirisha la muuza chipsi: unapewa ulichoagiza. Siyo ulichotaka. Ulichoagiza.

Sasa ile orodha yao, namba za simu kila mmoja kaandika kivyake. Nyingine zina vistari katikati. Nikaandika mistari miwili ya kufuta vistari na, kwa kuwa usiku ulishakwenda na vidole vilishakufa ganzi, nikaipitisha kwenye safu zote za orodha. Nani ahangaike kuchagua?

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: nilimwingiza mama mwenye nyumba wangu, hapa Isanga, awe mtu wa majaribio.

Meseji ya kwanza ikaingia: "Leo mvua na radi. Joto nyuzi 31." Mama alikuwa na mahindi yake uani, kwenye turubai. Akanigongea dirisha.

"Mwanangu, amka tuanue, mvua yako inakuja."

Tukaanua. Jua likawaka mpaka likachwea. Kesho yake meseji ileile, tukaanua tena. Siku ya tatu alisimama na ungo kiunoni.

"Hivi hiyo mvua imeharibikiwa gari Mbalizi?"

"Mama, data ziko sawa. Nimeziona mwenyewe kwenye wingu."

Akainua macho kuelekea mlima Loleza. Anga jeupe, halina hata doa.

"Wingu lipi?"

Nyuzi 31 zilitakiwa kunishtua. Nilizisoma nikiwa nimevaa koti juu ya sweta, nikasema moyoni labda mchana jua litachangamka. Kilichonipumbaza ni kwamba hakuna mahali palipolalamika. API ilijibu 200, yaani mambo safi. Kanzidata ikameza kila kitu. Hata tarehe za wanachama kujiunga, zilizoandikwa kwa mtindo wa 2024-03-05, zilinyolewa vistari zikawa 20240305, na PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata yangu, ikazielewa vilevile, maana inakubali mitindo yote miwili. Laiti ingegoma hapo tu! Mashine inayogoma ina huruma kuliko inayosema ndiyo kwa kila kitu.

Jioni mwenyekiti wa kikundi akapiga simu. Watu wameahirisha kuvuna, vibarua wamerudishwa nyumbani, na mzee mmoja anataka kujua kama mimi ni mtu wa kompyuta au mganga. Hapo ndipo nikafungua ramani. Uyole iko kwenye latitudo -8.9 hivi, longitudo 33.5. Kwenye kanzidata yangu: 8.9, 33.5.

Kistari. Kile kinachoonyesha kuwa uko kusini mwa ikweta. Kilikuwa kwenye safu ya latitudo za vijiji, orodha ileile, nikakifuta pamoja na vya namba za simu.

Nikabandika namba hizo kwenye ramani, ikanipeleka Sudan Kusini, karibu na mpaka wa Ethiopia, kilometa kama 2,000 kaskazini. Kule mwezi wa saba ni masika yao. Kwa hiyo utabiri haukuwa wa uongo hata kidogo. Nilikuwa nawatangazia wakulima wa Uyole mvua ya watu wengine.

Kurekebisha hakukuchukua muda: ufutaji ukabaki kwenye safu ya simu pekee, na kanzidata ikapewa amri ya kukataa latitudo yoyote ya kijiji chetu iliyo juu ya sifuri. Kumweleza mama ndiko kulikonitoa jasho, kwenye baridi ile.

"Mama, kuna kakistari kalipotea."

"Kakistari?"

"Kadogo tu, hivi."

Akatazama vidole vyangu, akatazama turubai.

"Kadogo hivyo, kananianulisha mahindi siku tatu?"

Siku hizi nikitoka asubuhi ananisimamisha mlangoni kabla hata ya shikamoo yangu.

"Kistari kipo?"

Nikijibu kipo, anaangalia Loleza kwanza, ndipo anaanika.