Ghala Liko Wapi Hasa? Ramani za Mafuriko na Futi Kamba

Upimaji wa hatari za tabianchi kwa maeneo ya biashara huharibika mapema sana: pale kampuni inapotoa orodha ya maghala yake yakiwa na anwani za S.L.P. Programu ya ramani haina namna ya kujua sanduku la posta ni la nani, hivyo huweka alama katikati ya jiji. Ghala lililopo bondeni mwa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, linasomeka kana kwamba liko Posta, na ripoti inatoka safi.

Kiwango cha IFRS S2 cha kutoa taarifa za tabianchi, kilichotolewa na ISSB (bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu) Juni 2023, kinaitaka kampuni itaje thamani na asilimia ya mali au shughuli zake zilizo hatarini kwa mafuriko, joto, ukame na mengine ya aina hiyo. Kinaruhusu pia itumie taarifa zinazopatikana bila gharama wala juhudi za kupita kiasi. Mvutano uko hapo: je, ramani za kimataifa zinatosha, au lazima mtu aende na futi kamba?

Wanaotetea ramani wana hoja nzito. Kampuni yenye vituo 200 vya mafuta kuanzia Tanga hadi Mtwara haiwezi kupeleka mhandisi kila kituo kila mwaka. Ramani huvipima vyote kwa kipimo kimoja, na mkaguzi akirudia hesabu anapata jibu lile lile. Kumbukumbu ya mlinzi kuhusu maji yalipofika haikaguliki hivyo. Joto nalo halihitaji safari: likipanda Dodoma, limepanda kwa kiwanda na kwa jirani yake.

Mafuriko hayako hivyo. Modeli za tabianchi za kikanda hugawa nchi vipande vya kilomita 25 hadi 50. Ramani za bure za mwinuko zina vipande vya mita 30, na mijini husoma mapaa badala ya ardhi, kwa hiyo kosa hufika mita kadhaa. Ghalani, sentimita 40 tu ndizo zinazoamua kama maji yataifikia swichibodi ya umeme au la. Kalavati lililozibwa na chupa za plastiki halimo kwenye ramani hizo. Wala barabara haimo kwenye alama ya jengo: ghala la Magomeni lililo mwinukoni linaweza kubaki kavu huku malori yake yakisubiri Barabara ya Morogoro ifunguliwe pale Jangwani, ambako hata maegesho ya mabasi ya mwendokasi yamefurika mara kadhaa.

Halafu kuna masika. Modeli nyingi zinaonyesha yataongezeka, ilhali vipimo vya miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 vilionyesha yakipungua. Anayeandika namba moja tu ya mvua za mwaka 2050 anampotosha msomaji. Aandike ya chini na ya juu.

Kwa maoni yangu, ramani ni chekeche tu. Maeneo yanayobaki juu ya chekeche yaendewe. Chukua latitudo na longitudo langoni kwa desimali nne, sawa na mita 11 hivi. Desimali mbili zinakupoteza kilomita nzima. Pima kimo cha kizingiti, swichibodi, jenereta na rafu ya chini kabisa. Tafuta alama ya maji ukutani, uliza majirani maji yalikaa siku ngapi, na piga picha zenye tarehe ili mkaguzi awe na cha kushika. Kisha fanya hesabu: mafuriko ya “mara moja kwa miaka 20” yana uwezekano wa asilimia 5 kila mwaka, na ndani ya mkopo wa miaka 10 uwezekano wa kutokea angalau mara moja unafika asilimia 40. Uongozi huamka hapo.

Dar es Salaam, kisingizio cha gharama ni dhaifu zaidi. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaro na mahali maji yalipofika, na data zake ziko wazi kwa wote.

Hofu ya upande wa pili ninaielewa: ukitaja hatari, bima inapanda, na msambazaji mdogo wa bondeni anaachwa na wanunuzi wakubwa. Hilo ni dhuluma kwa mtu ambaye hakuchagua bonde kwa anasa. Ndiyo maana kando ya asilimia ya mali zilizo hatarini iandikwe kilichokwisha kufanywa: swichibodi imepandishwa mita ngapi, mzigo umewekwa rafu ya ngapi, mtaro ulizibuliwa lini kabla ya masika.