Menyu ya Michoro Isiyosema Ukweli
Inaudhi sana kufungua menyu ya michoro katika gemu ya kompyuta na kukuta vipengele lukuki, ambavyo hata kimoja hakielezwi kinaigharimu mashine kiasi gani. Ili picha itembee kwa fremu 60 (yaani picha tuli 60 zinazofuatana) kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 16.7 tu za kuchora kila fremu, na vivuli, ukungu na miale ya mwanga vyote hugombania muda huohuo. Lakini mchezaji huachiwa maneno matupu kama "wastani" na "juu kabisa". Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunachezea kompyuta mpakato zilizotumika, zilizonunuliwa Kariakoo, na katika joto la Januari kichakato, yaani ubongo wa kompyuta, hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, hivyo gemu iliyoanza vizuri huanza kukwamakwama.

Linalokera zaidi ni watengenezaji wanaotangaza mahitaji ya chini ya kompyuta bila kutaja idadi ya fremu wala ukubwa wa picha, ilhali skrini ya 4K ina pikseli (nukta zinazounda picha) mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. DLSS na FSR, ambazo huchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza, ni teknolojia nzuri nami nazitumia, ila zisigeuzwe kisingizio cha kuuza gemu isiyoboreshwa. Zipo gemu ambazo huonyesha papo hapo kila chaguo linakula kumbukumbu kiasi gani ya kadi ya michoro. Nyingine zinashindwa nini?