Mathenge ya Baringo: anayetaka kuing'oa ana hoja

Kwa miaka mingi wafugaji wa Marigat na wa vijiji vya kando ya Ziwa Baringo nchini Kenya wamekuwa wakiambiwa kwamba mathenge, mti wa kigeni wenye miiba (Prosopis juliflora), ni utajiri. Chomeni makaa, sageni maganda ya mbegu zake muwalishe mifugo, uzeni fito. Wao hujibu kwamba wanataka mti wenyewe ung'olewe na nyasi zirudi, na jibu hilo huchukuliwa kama ukaidi wa watu wasiojua walichokalia. Mimi naona wameuelewa mti huu kuliko wanaowashauri.

Hoja ya matumizi ina uzito wake. Mathenge ililetwa Baringo mapema miaka ya 1980, kwa mradi wa serikali na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wakati ardhi ilikuwa imebaki tupu na kuni zilikuwa adimu. Kuni zilipatikana kweli. Makaa yake ni mazito na hukaa jikoni muda mrefu, na mwaka ambao ukame umemaliza ng'ombe, magunia machache kando ya barabara ndiyo yanayolipa karo. Huko Turkana nako zipo familia zinazoutegemea kwa kivuli na kwa kuni. Wafugaji wanaoulalamikia wanayajua haya yote.

Ila tuangalie hesabu. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti walikuta kwamba mathenge ya Baringo ilikuwa imefunika hekta 882 mwaka 1988, na kufikia 2016 hekta 18,792. Hiyo ni zaidi ya mara 21 katika miaka 28, na katika miaka hiyo makaa yalikuwa yakichomwa na fito zikikatwa. Huenda bila wachoma makaa hali ingekuwa mbaya zaidi. Hata hivyo, hekta hizo zina wenyewe. Mathenge hustawi zaidi penye maji karibu: kwenye tambarare za ziwa, kingo za mito, kandokando ya mifereji ya umwagiliaji. Hapo ndipo ng'ombe walipokuwa wakikimbilia kiangazi. Kisha katika miaka ya karibuni ziwa lenyewe likafura likameza sehemu ya malisho, na mfugaji akabanwa kati ya maji na miiba.

Halafu kuna mbuzi, na hapa wengi hupita haraka mno. Ganda la mathenge ni tamu, na mbuzi mwenye njaa hulila hadi ashibe. Sukari hung'ang'ania kwenye meno, meno yanaoza na kung'oka, na mnyama asiye na meno hana tena njia ya kujilisha. Mwaka 2006 Wailchamus, jamii ya wafugaji wa kando ya ziwa hilo, waliishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Magazeti yaliifanya habari ya kuchekesha. Kwa mwenye mbuzi ule ulikuwa ushahidi mzito, na miaka miwili baadaye mathenge ikatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Meno ni nusu tu ya hasara. Mbegu ina gamba gumu. Nyingi hupita tumboni salama na kutoka na kinyesi, zikiwa zimeandaliwa kuota, njia nzima kutoka malishoni hadi mtoni na hadi bomani. Mbuzi yule yule anayepoteza meno ndiye anayezipanda. Kusaga maganda kunavunja mbegu, na ushauri huo ni sahihi kabisa. Lakini unataka mashine, mafuta, na mtu wa kuyaokota maganda kabla mbuzi hawajayafikia, na mbuzi wa Baringo hawasubiri mashine.

Makaa nayo yana tatizo la kisiki. Ukiukata mti huu kwa panga juu ya ardhi, kisiki hutoa machipukizi mengi, membamba, yenye miiba, na penye shina moja panakuwa kichaka ambacho hata ndama hapiti. Ili ufe ni lazima uchimbe, ukate mzizi chini ya usawa wa udongo, chini ya sehemu yenye macho ya kuchipua. Mchoma makaa analipwa kwa gunia, halipwi kwa shimo. Simlaumu. Nalaumu mpango unaomwita mdhibiti wa gugu huku pato lake la kesho likitegemea gugu lichipue.

Upande wa kung'oa una udhaifu wake, na ni mkubwa: kazi ni ngumu, na ardhi iliyosafishwa ikaachwa wazi hurudiwa na mathenge mvua ikinyesha. Ndiyo maana kung'oa bila kupanda nyasi ni kupoteza nguvu. Shirika la RAE, linalofufua ardhi iliyoharibika, limekuwa likipanda nyasi za asili Baringo tangu miaka ya 1980 kwenye mashamba yaliyozungushiwa ua, na mashamba hayo hutoa malisho ya kiangazi, nyasi kavu na mbegu za kuuza. Miche ya mathenge inayojitokeza katikati ya nyasi hung'oka kwa mkono udongo ukiwa bado na maji.

Vichaka vizito viachiwe wachoma makaa, kwa sharti kwamba kila kisiki kinacholipiwa kimechimbwa. Fedha za kung'oa ziende kwanza pembezoni, ambako miti ni michache na nyasi bado zipo. Na kwa kuwa shamba jipya la nyasi haliwezi kuingizwa mifugo mara moja, serikali ya kaunti na wafadhili waseme mapema nani atawanunulia wafugaji majani msimu huo wa kungoja.