Sinki la Choo Katika Msafara wa Maharusi

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye tangu asubuhi nampigia simu naye hapokei, ameshatangulia kuisambaza klipu inayonionyesha nikicheza nyuma ya sinki la choo kwenye harusi ya watu, tena kwa maelezo yake mwenyewe, naona ni haki yangu nami kusikilizwa. Si kweli kwamba nilivamia harusi. Si kweli pia kwamba nilifuata pilau, ingawa sikatai kwamba pilau nililila. Nilichofuata mimi ni Peugeot 404, gari la kale la Wafaransa, na mnaonifahamu mnajua kwamba gari la aina hiyo likinipita, sipatikani tena kwa shughuli nyingine.

Wageni wa ukurasa huu niwaeleze kidogo. Katika mji huu wa Dodoma, ambao barabara ya kwenda Mtumba, kwenye ofisi za serikali, imejaa Land Cruiser nyeupe, na ambao watu huheshimiana kwa namba E, yaani namba za magari mapya, mimi hutembea nikitafuta vyuma vya zamani: Land Rover za bodi ya alumini ambazo bado zinabeba mizigo vijijini, na zile Volkswagen ndogo za mviringo zenye injini nyuma, zinazopoozwa kwa hewa bila hata tone la maji ya rejeta. Mke wangu huuita ugonjwa. Jumamosi iliyopita alinituma kazi nyepesi kabisa, kununua sinki la choo Majengo na kulifikisha Nzuguni kwenye nyumba tunayojenga, ambako fundi bomba alikuwa akinisubiri. Buti la Probox yangu lilikuwa limejaa saruji, kwa hiyo sinki likafungwa juu ya keria, likaketi wima limetazama mbele kama mbunge anayesubiri kuitwa achangie hoja.

Nilipoingia tu barabara ya Dar es Salaam, nikayaona mapezi. Mbele yangu, nyuma ya bajaji mbili, kulikuwa na gari jeusi la kale lenye mapezi mafupi nyuma na taa zilizosimama wima kwenye ncha zake. Moyo ulinidunda. Sasa, tatizo la mapezi hayo ni kwamba Pininfarina, wachoraji wa Italia walioichora Peugeot 404 iliyotoka mwaka 1960, walikuwa wameshaichora pia Austin Cambridge iliyotoka mwaka 1959, nazo zinafanana kiasi kwamba kwa mbali hata mimi hubabaika. Dawa yake ni moja tu, kusogea karibu. Nikazipita bajaji, nikapenya kwenye nafasi iliyokuwa nyuma ya gari lile, nikalisoma jina lake kwenye buti, na nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari.

Kabla hamjanihukumu, tafadhali zingatieni kwamba riboni za harusi hufungwa kwenye boneti, na mimi nilikuwa nyuma. Magari yaliyonifuata yalikuwa yamewasha hazadi na kupiga honi mfululizo, nami nikadhani ni wasamaria wema wanaonitahadharisha kwamba sinki linalegea, hivyo nikawa natoa mkono dirishani na kuwashukuru. Trafiki aliposimamisha magari ya upande wa pili ili sisi tupite, niliona ni heshima ambayo 404 inastahili. Matarumbeta niliyasikia, ndiyo, lakini Jumamosi ya Dodoma isiyo na matarumbeta ni ipi?

Gari likakata kona, likaingia kwenye uwanja wa ukumbi. Nami nikakata kona. Geti likafungwa nyuma ya pikapu ya wapiga tarumbeta, na hapo ndipo nilipomwona bibi harusi akishuka.

Sasa twende polepole, kwa sababu klipu ya yule bwana inaanzia hapa na imekatwa vibaya. Mlango wangu ulifunguliwa na mama mmoja mwenye sare ya kitenge, ambaye baadaye nilielezwa kuwa ni shangazi wa bwana harusi. Akaniambia, “Baba, mmechelewa, zawadi zimeshaanza kuingia.” Nilifungua kinywa nijieleze, lakini vijana walikuwa wameshapanda juu ya gari na kufungua kamba. Shangazi akavua khanga yake ya juu, akalifunika sinki kwa staha, akamwita mwenzake, na wale kina mama wawili wakalibeba. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya kamba ambayo bado ilikuwa imefungwa kwenye sinki langu, na sikutaka kuiachia, kwa hiyo nikaburutwa nyuma yao. Matarumbeta yakabadilisha wimbo. Tukaingia chini ya maturubai tukicheza hatua mbili mbele na moja nyuma, wageni wakisimama na kupiga vigelegele, na mimi (nasema haya kwa uchungu) nikazifuata hatua barabara, kwa kuwa mwili una tabia zake.

Tulipofika katikati ya ua, mbele ya meza ya maharusi, ukaja upepo wa Dodoma, ambao mnaujua. Khanga iliinuka taratibu upande mmoja. Kwanza likaonekana tako la sinki, kisha shingo yake, kisha bakuli lenyewe, na mwisho mfuniko, ambao ulijifungua kwa heshima kuelekea kwa bibi harusi, ukiwa bado na karatasi ya bei. Tarumbeta moja ilitoa sauti ambayo haikuwa ya wimbo wowote. Mamia ya watu wakanyamaza, kisha wakafuata kamba kwa macho mpaka wakanifikia mimi.

Mshehereshaji, akitaka kuokoa jahazi, akaniwekea maikrofoni mdomoni. “Mjomba, neno moja kwa maharusi!” Akilini mwangu kulikuwa na jambo moja tu, nikalisema. “Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka ule wa 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7.” Kimya. Kisha mshehereshaji akawageukia maharusi kwa sauti nzito, “Mmemsikia mjomba? Wanaoanza ni 84, wanaomaliza ni 7!” Ukumbi ukalipuka. Bwana harusi akasimama akanikumbatia huku akitokwa na machozi.

Yaliyofuata hayana maana. Niliketishwa upande wa wajomba, nikapewa pilau, na sinki likapangwa kati ya friji na godoro, ambako sikuwa na uso wa kwenda kulidai. Fundi bomba alipiga simu mpaka chaji yangu ikaisha. Mke wangu aliiona klipu kabla sijafika nyumbani.

Hata hivyo, mzee mwenye 404 alinifungulia boneti, nikaiona kwa macho yangu injini ile ya sentimita za ujazo 1618, ikiwa imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 kama walivyoiunda Wafaransa, na akaniruhusu kuishika gia yake iliyoko kwenye usukani. Akanieleza pia kwamba ndugu yake wa Kongwa ana gari chini ya mwembe ambalo huenda ni Austin Cambridge. Nimeomba ruhusa ya kwenda kulithibitisha. Mke wangu amekubali, kwa masharti kwamba sinki lingine linunuliwe kwanza, fundi alibebe mwenyewe, na mimi niende kwa basi.