Walikuwa sahihi kumwacha Rani Rampal?

Tarehe 2 Novemba 2019, uwanja wa Kalinga mjini Bhubaneswar, India. Siku moja kabla, wanawake wa India walikuwa wameichapa Marekani 5-1 katika mpira wa magongo, na watu walishaanza kuihesabu tiketi ya Olimpiki ya Tokyo. Katika marudiano, hadi mapumziko Marekani wamefunga manne bila jibu. Jumla 5-5. Dakika ya 48 mpira ukamfikia nahodha Rani Rampal ndani ya duara la mbele ya goli, akauachia gongo lake, ukatikisa ubao wa goli. India ikaenda Tokyo kwa jumla ya 6-5.

Januari 2024, mjini Ranchi, Marekani tena, safari hii kutafuta tiketi ya Paris. India ililala 1-0 mechi ya kwanza. Ikajikongoja hadi nusu fainali, ikatolewa na Ujerumani kwa mikwaju, na nafasi ya mwisho, ya mshindi wa tatu, ikaiachia Japan kwa 1-0 nyingine. Rani hakuwemo kikosini. Alikuwa na miaka 29.

Wapo wanaosema kumwacha ndiko kuliikosesha India Paris. Wapo wanaosema hayo ni mapenzi tu ya mashabiki kwa jina kubwa. Mimi nampenda Rani, na nasema hivyo mapema ili msomaji ajue nilipo, lakini hoja za upande wa pili si za kupuuzwa.

Tuanze nazo. Baada ya Tokyo, ambako India ilifika nafasi ya nne, Rani aliuguza msuli wa nyuma ya paja kwa muda mrefu. Kocha aliyechukua timu, Janneke Schopman, hakumpeleka Kombe la Dunia la 2022 wala Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka huo huo. Unahodha ukabaki kwa golikipa Savita. Na matokeo yalikuja: shaba ya Jumuiya ya Madola, medali ya kwanza huko tangu 2006, kisha ubingwa wa Kombe la Mataifa la mpira wa magongo mwezi Desemba. Mpira wa magongo wa leo ni mbio. Robo nne za dakika 15, na mshambuliaji ndiye anayeanza kumkaba beki wa mpinzani. Mtu ambaye paja halijapona akishindwa kukimbia hatua tano za kwanza, wenzake wote nyuma yake wanabomoka. Kwa mwaka 2022, naona kocha alifanya kazi yake.

Shida yangu ni mwaka uliofuata. Januari 2023 Rani alirudishwa kwa ziara ya Afrika Kusini, akafunga katika mechi yake ya kwanza ya kurejea. Baada ya hapo akapotea tena kwenye orodha. Agosti mwaka huo akateuliwa kufundisha timu ya taifa ya wasichana wadogo, wakati yeye mwenyewe hajatangaza kustaafu. Ukimpa mchezaji filimbi ya ukocha kabla hajatundika gongo, umeshamwambia unachotaka kumwambia.

Na mchezo huu una kanuni inayombeba mchezaji kama yeye: mabadiliko hayana idadi. Unaingia, unatoka, unaingia tena, mara nyingi upendavyo. Rani wa dakika 15 kwa mechi, za kona za penalti (mpigo wa adhabu wa kutokea mstari wa goli) na za mwisho wakati miguu ya mabeki imechoka, aliwezekana. Atakayejibu kwamba kikosi cha mashindano kina watu 18 tu, na nafasi ya mchezaji wa robo mechi ni ghali, amesema kweli. Lakini kule Ranchi Vandana Katariya, aliyefunga mabao matatu dhidi ya Afrika Kusini kule Tokyo, aliumia kabla ya mashindano. Safu ya mbele ikabaki na vijana wenye mbio, bila mtu aliyewahi kubeba mechi ya namna ile. Katika mechi mbili ilizofungwa, dhidi ya Marekani na Japan, India haikupata hata bao moja.

Siwezi kuapa kwamba Rani angefunga. Ninachojua ni alikotoka na alivyozoea kubanwa. Alizaliwa 1994 Shahabad Markanda, jimbo la Haryana. Baba yake alikuwa akivuta mkokoteni. Nyumbani hapakuwa na saa, kwa hiyo mama alikuwa akiangalia anga ili amwamshe alfajiri kwa mazoezi. Kocha Baldev Singh alitaka kila mtoto aje na nusu lita ya maziwa. Kwao walimudu mililita 200, naye Rani akajazia maji asionekane, kwa sababu alitaka kucheza. Akiwa na miaka 14 alikuwa timu ya taifa ya wakubwa. Akiwa na 15 alifunga mabao saba Kombe la Dunia la 2010 kule Rosario. Mtu wa aina hiyo hapotezi utulivu kwa sababu zimebaki dakika kumi na uwanja mzima unapiga kelele.

Schopman alijiuzulu Februari 2024. Rani aliagwa tarehe 24 Oktoba mwaka huo, uwanja wa Major Dhyan Chand, Delhi. Mechi 254, mabao zaidi ya 100. Shirikisho likaistaafisha jezi yake namba 28. Walioingia uwanjani kucheza siku hiyo walikuwa wanaume wa India na wa Ujerumani. Nahodha aliyewapeleka wanawake wa India nusu fainali ya Olimpiki kwa mara ya kwanza aliagwa kwenye mechi ambayo hakuna mwanamke aliyeshika gongo.